Yai Nililomzungushia Mzee Kombo

Mtanicheka, najua, lakini kwanza kubalini kwamba hata nyinyi mngeliamini. Siku hizo baada ya vita zilivuma habari Changamwe nzima kwamba Januari ile dunia ingelisogelea jua karibu mno, hata makuti ya mapaa yawake yenyewe bila kiberiti, na mimi niliziamini kuliko waliozizua, kwa sababu nilikuwa msomi (shule ya usiku, taa moja, mbu elfu arubaini). Mwalimu alikuwa ametufundisha juma lile lile kwamba njia ya dunia si duara kamili, imerefuka kama yai, na jua halikai katikati, basi kila Januari tukilikaribia dunia hukaza mwendo, na Julai tukiwa mbali hutembea kama bibi arusi. Na Januari kwetu si joto? Hesabu ikakubali.

Taabu ni kwamba Januari hiyo hiyo Ami Salimu, ndugu wa baba yangu, alikuwa akienda Jomvu Kuu kuniposea Mwanamisi, binti Mzee Kombo. Kicheko cha Mwanamisi nilikisikia nyuma ya ua kabla sijamwona uso, nacho kikaninyima usingizi, hata darasani nikichora sayari naandika jina lake mahali pa jua.

Mposaji haendi posani, hukaa kwao akajing'ata kucha. Mimi nikaamua kwenda. Nilitaka kumwomba mzee alowanishe paa kabla binti yake hajaungua, na njiani nikanunua yai la kumfundishia.

Tukakaribishwa barazani. Ikaja kahawa, ikaja na halua (nikaona ni ukarimu tu), Ami akafungua kinywa, nikamkata.

"Baba, nipe ruhusa nikuonyeshe jambo. Wewe ni jua."

"Mimi?" akasema Mzee Kombo.

"Wewe. Na yai hili ndilo dunia."

"Kaa kitako, mwana we," Ami akaninong'oneza.

Sikukaa. Nikamzunguka yule mzee na yai mkononi, polepole nikiwa mbali, mbio nikiwa karibu, nikitaja miezi kwa sauti, wala haikunijia kwamba kwetu mtu huzungushiwa yai na mganga kumtoa uchawi, au na mchawi kumtia. Majirani wakajaa. Bibi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi. Nikadhani somo limewaingia, nikakaza mwendo, nikajikwaa kwenye dele la kahawa, dunia ikaniponyoka ikapasukia miguuni pa jua, na wallahi lilikuwa viza.

Pua zilizibwa hadi Miritini.

"Salimu," akasema Mzee Kombo taratibu, "mchukue mwanao, umrudishe ulikomtoa."

Nyuma ya mlango nikasikia kicheko kile kile, kisha kikakatika ghafla.

Januari ikapita, halikuwaka hata kuti moja. Mwanamisi akaolewa Timbwani. Mwalimu alitufundisha pia kwamba sayari ikiwa mbali zaidi na jua, mwaka wake huwa mrefu zaidi. Hiyo sikuhitaji kuikariri, niliiishi. Na tangu siku ile yai silishiki ila limechemshwa.

Miaka ikapita, nikamkuta Mwanamisi kivukoni Likoni, kapu miguuni, akingoja feri. Akanitambua yeye kwanza.

"Dunia yako ilifika wapi?"

Nikamweleza yote, jua, Januari, makuti. Hakucheka. Alisikiliza kama mtu aliyengoja sana kuijua sababu.

"Kumbe ulikuja ili nisiungue."

"Naam."

"Kakangu ni baharia. Asema Januari Ulaya ni barafu, na dunia ndiyo hii hii moja. Joto letu ni kwa kuwa upande wetu ndio ulioinamia jua, wao wamelipa mgongo. Huko kusogea kwenyewe ni kidogo, hakuchomi kitu."

Feri ikagota. Akajitwika kapu lake.

"Na baba alikuwa amekwisha kukubali," akasema. "Halua ile ndiyo iliyokuwa jibu."