Fundi Sikio na Kopo la Poda

Maji yakishaingia ndani ya gari hayana adabu hata kidogo. Yanapenya juu ya paa, yanatembea kimyakimya nyuma ya kitambaa cha dari, yanashuka na nguzo ya mlango, halafu yanajitokeza chini ya miguu ya abiria kama vile yamezaliwa palepale. Mwenye gari anabadilisha raba ya mlango, maji yanarudi. Anapaka silikoni kioo kizima mpaka gari linachekesha, maji yanarudi. Mwishowe anaanza kumshuku mwanawe kwamba anamwaga chupa za maji kwa makusudi. Mtu akifikia hapo, majirani walikuwa wanamhurumia na kumwambia aache kujisumbua, alipeleke kwa Fundi Sikio.

Jina hilo alilipata ujanani, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuwa na mashine yoyote ya maana. Alikuwa na tochi, kipande cha chaki alichokichomeka juu ya sikio, na mke wake. Kazi yenyewe ilifanyika hivi: fundi anang'oa kapeti, anafunga madirisha yote, analala chali kichwa kikiwa chini ya dashibodi na miguu juu ya kiti. Mke anabaki nje na mpira wa maji. Hafungulii kwa nguvu, maana maji ya nguvu yanaingia hata pasipovuja. Anayaacha yatiririke taratibu, akianzia chini kwenye kizingiti cha mlango, dakika tano. Anapanda kidogo, dakika tano nyingine. Hivyo hivyo mpaka paani. Ukianzia juu, fundi alipenda kusema, kila kitu kinalowa na humjui mwongo ni nani. Ndani ya ukimya ule yeye anasikiliza. Tone likianguka popote, hata nyuma ya feni, analinasa, anapiga bodi ngumi moja, mke anasimamisha maji, na chaki inachora alama.

Walifanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Mke alikuwa mshonaji wa viti vya magari, cherehani yake iko pembeni palepale chini ya bati, lakini mpira wa maji hakumwachia mtu mwingine. Wengine hawana subira, alisema. Dakika moja tu wanaanza kuangalia wapita njia. Kuna wanandoa wanaozungumza usiku kucha. Hawa walizungumza kwa ngumi na bomba, na walielewana vizuri tu.

Sasa niseme lile ambalo fundi mwenyewe hakumwambia mtu. Masikio yake yalikuwa yanakufa. La kushoto lilitangulia, na la kulia likaanza kulifuata polepole. Redio ya karakana aliipandisha sauti, akasingizia spika. Watu wakicheka, naye alicheka. Wakimwambia jambo asilolinasa, alitikisa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo, na kwa hizo ndiyo zake alijikuta siku moja amekuwa mwenyekiti wa kamati ya vyoo vya soko, cheo ambacho hata adui yako humwombei. Kitu kimoja tu hakukifanya kamwe: hakumwomba mtu arudie alichosema. Aliona kwamba siku atakayosema "rudia" ndiyo siku atakayokuwa amekiri.

Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Fundi anayeishi kwa kusikiliza, asiposikia, ni nani? Kumwaga unga uzeeni ni jambo zito, lakini hilo angelimeza. Lililomnyima usingizi ni mke wake. Alimwona akilini akimtazama kwa huruma, akimsemea dukani, akimjibia salamu barabarani. Afadhali angeambiwa tu afunge karakana.

Kilichomfariji ni kwamba ndani ya gari bado alikuwa yuleyule. Mwaka mzima na zaidi hakuna gari lililomshinda. Huku nje watu siku hizi wananong'ona, alijiambia, lakini maji bado yananiambia. Alitoka chini ya dashibodi akicheka, akitangaza kwamba amelisikia tone, na mke alicheka pamoja naye.

Katika muda huohuo mke alikuwa amezua tabia mpya. Kabla fundi hajalala ndani, yeye alitangulia na kopo la poda ya watoto, akapiga magoti, magoti yenyewe mabovu, akainyunyiza kwenye maungio ya bodi, kando ya nyaya, nyuma ya boksi la feni. Alisema harufu ya ukungu inamuumiza kichwa akija kushona viti. Fundi alinung'unika kwamba kila siku anatoka mle ndani kama mtoto aliyeogeshwa. Lakini mke wake akishaamua jambo, hata umwimbie. Akamwacha na poda yake.

Basi, mke alisafiri siku chache kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Na kesho yake tu akaja mkunga.

Huyu mkunga alikuwa amepokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Gari lake dogo, kuukuu, ndilo lililowarudisha nyumbani kina mama waliojifungua. Kila mvua ikinyesha, upande wa abiria wa mbele ulijaa maji chini, na sasa lilinuka ukungu. Mkunga hakutaka vichanga wavute hewa ile siku yao ya kwanza duniani. Fundi alichovya kidole, akayasugua maji kwa kidole gumba. Hayakuteleza, kwa hiyo hayakuwa ya rejeta. Hayakuja siku za jua kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa hiyo hayakuwa ya kiyoyozi. Ilikuwa mvua.

Angeweza kumsubiri mke wake. Lakini mkunga alikuwa na akina mama wawili wa kuwapeleka nyumbani keshoye, na tuseme ukweli, fundi alitaka kujionyesha mwenyewe kwamba bado yumo. Mpira wa maji alimpa jirani yake muuza matairi, mtu mwema asiyejua kunyamaza. Waliikuta raba ya mlango imechanika, wakaweka mpya. Fundi akalala ndani tena, jirani akamwaga maji huku akiimba, kutoka chini mpaka juu. Mle ndani palikuwa kimya. Kimya kitamu, kimya cha kazi iliyokwisha. Akatoka akasema gari ni kavu.

Alikuwa na desturi yake ya kukabidhi gari: mwenye gari anavua viatu, anaingia, anakanyaga kapeti kwa nyayo zake. Mguu hauongopi. Mkunga akavua viatu, akakanyaga, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya nne mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mkunga alirudi. Alieleza kwamba mama mmoja aliyempeleka alfajiri ile aliuweka mfuko wa nguo za mtoto chini, miguuni, na walipofika nyumbani kila kilichokuwa ndani kililowa. Kichanga akaingia kwao amefungwa kwenye koti la mkunga. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. Angefoka, fundi angepata pa kushika.

"Maji yamekupiga chenga tu, fundi," alisema. "Wewe lisikilize tena."

Mke wake alirejea asubuhi ileile, mkoba bado begani. Fundi hakumsimulia chochote. Alitoa kapeti, akauburuta mpira wa maji mpaka kwenye gari, uso umekunjamana. Mke alilitazama gari, akamtazama yeye, akaenda kuchukua kopo. Fundi akamwambia leo aachane na mambo ya poda, hakuna nafasi ya mchezo. Mke akajibu kwamba kichwa kinamuuma, akapiga magoti, akanyunyiza.

Fundi akalala chali. Maji yakaanza chini, kizingitini, hakuna kitu. Yakapanda mlangoni, dirishani, hakuna kitu. Yakafika mbele, chini ya kioo, pale wipa zinapolala. Alikuwa amefumba macho ili asikilize vizuri zaidi. Alipoyafumbua na kuelekeza tochi nyuma ya boksi la feni, aliona mstari mweusi, mwembamba, ukishuka katikati ya weupe wa poda. Mwisho wa mstari tone lilikuwa linavimba. Likavimba, likachoka, likaanguka juu ya bati, shibiri moja kutoka usoni pake.

Aliliona likianguka. Hakusikia kitu.

Likaja la pili, na la tatu. Alinyoosha kidole kugusa bati, kidole kikarudi kimelowa. Ndipo akakumbuka. Lile gari la mikate; lile la mwalimu; yale yote ya mwaka mzima. Kila mara aliona kwanza weupe umekatika, halafu ndipo aliposema amesikia. Maji hayakuwa yakimwambia kitu. Aliyekuwa akimwambia ni mtu mwingine, kwa kopo la poda.

Nje, mke alingoja ngumi ya kwenye bodi, haikuja. Alifunga bomba, akafungua mlango. Alimkuta mumewe amelala vilevile, machozi yanateremka kuelekea masikioni. Akainama upande wa kulia, ule uliobakiwa na uhai kidogo.

"Tangu lini unajua?" fundi aliuliza.

"Tangu gari la mwalimu. Mara ya kwanza umelala mle, maji yanadondoka mpaka mimi niliye nje nayasikia, na wewe umenyamaza. Nikakuambia utoke tunywe chai, nikaingia na poda."

"Mbona hukuniambia?"

Mke aliligeuza lile kopo mikononi. "Ulikuwa unatoka unacheka, unasema umelisikia. Ningeanzia wapi?"

Kwanza ilimpanda hasira. Alijiona mtoto anayeachiwa kushinda mchezo ili asilie, na neno la ukali lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Halafu akayaona magoti ya mkewe, yenye alama za sakafu ya gari, na akahesabu ni mara ngapi yalipigwa pale chini kwa ajili yake. Neno likarudi lilikotoka. Aliushika mkono wake uliojaa poda akaushikilia, na walikaa hivyo mpaka yule muuza matairi alipokuja kuazima spana, akaona, akaondoka bila spana.

Baada ya hapo walifanya kazi. Walizitoa wipa na plastiki iliyo chini yake. Majani makavu yalikuwa yameziba tundu la kutolea maji, kidimbwi kizima kimejikusanya pale, na gundi ya zamani kwenye maungio ya bati ilikuwa imepasuka. Maji yalikuwa yanasubiri mvua tu yapande, yapite ufa, yashukie kwenye feni, yaende kulala chini ya kapeti. Waliondoa majani, wakakwangua gundi mbovu, wakaacha pakauke kabisa, wakapaka mpya. Kapeti na lile sifongo lake vilianikwa siku mbili juani. Mke alizifua zile nguo za mtoto, zilizokuwa zimebaki garini, ingawa hakuna aliyemwomba.

Ilipofika wakati wa kujaribu, fundi aliuchukua mpira wa maji yeye mwenyewe.

"Ingia wewe," alimwambia mkewe. "Ukiona pakavu, gonga mara moja. Pakivuja, mara mbili."

Akaweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya bati la mlango. Akamwaga maji chini, dakika tano. Hapo ndipo alipojua dakika tano ni ndefu kiasi gani ukiwa umesimama na mpira, mgongo unauma, wapita njia wanapendeza kutazamwa. Miaka thelathini na mmoja alimsimamisha mtu hapa. Kiganja kikapata pigo moja. Akapanda dirishani, pigo moja. Akapeleka maji chini ya kioo, pale wipa zilipo, roho juu, na muda ukapita mrefu kuliko mwingine wote. Pigo moja. Alilingoja la pili, halikuja.

Mkunga alipofika, muuza matairi alikuwepo, na wateja wake wawili. Mkunga akavua viatu, akakanyaga kapeti, akakanyaga tena kwa kisigino. Alichungulia nje akamuuliza fundi, kwa sauti kubwa na kwa wema, kama safari hii amelisikiliza vizuri.

Ndiyo, ndiyo, lilikuwa tayari mdomoni. Lingetosha, na kila mtu angeenda zake.

"Sikulisikiliza mimi," fundi alisema. "Mimi siku hizi sisikii, mkunga. Aliyelisikiliza ni mke wangu."

Muuza matairi alitazama viatu vyake. Mkunga alitoa karatasi, akaandika siku ambayo daktari wa masikio huja kliniki kwao, akampa mkononi. Kisha akavaa viatu, akachukua zile nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri, akawasha gari.

Walibaki wawili. Mke alikuwa amemgeuzia mgongo, anakunja mpira wa maji mkononi na kiwikoni, na mabega yake yalionyesha kwamba amesema kitu. Kwa miaka mingi fundi angejibu ndiyo.

"Sijasikia," alisema. "Hebu rudia."

Mke akageuka. Aliuweka mpira chini, akaja mpaka upande wa kulia, akasogeza mdomo karibu na sikio lake. Halikuwa jambo kubwa. Alikuwa amesema kwamba mpira wa maji umetoboka karibu na bomba, na kesho waukate. Akalirudia lote, taratibu, neno kwa neno, na fundi akalisikia mpaka mwisho.