Ua la Maman Zuhura

Maman Zuhura alipokimbia vita Bukavu, alivuka mpaka hadi Kamembe na mzizi wa klematiti, ua kubwa la zambarau linalotambaa ukutani, alilopandiwa na marehemu mumewe. Akanikabidhi mimi, jirani yake mpya ninayeogopa kukosea, niupande.

Nilifunika mzizi kwa mawe upate kivuli, nikafunga chipukizi la kwanza kwenye kijiti. Nililisalimia kila asubuhi. Kila Jumatatu nilikata chochote kilichoota kando yake.

Siku nilipomwita kwa fahari, alipapasa majani, akachuma kitu.

"Mwanangu, tangu lini ua la mume wangu linazaa maharagi?"

Akainama. Kati ya mawe kulikuwa na kishina kilichokatwa juzi.

"Ua lenyewe ni hili. Unalikataka?"

"Kila Jumatatu, Maman."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi Jumatatu ijayo, mwanangu, pumuzika."