Kahawa Iliyomwagwa Kwenye Sinki

Nakumbuka jioni moja ya Julai, baridi ya Ruiru ikiwa imeingia mpaka kwenye mito ya makochi, mjomba wako Njoroge alipousukuma mlango kwa bega akiwa amekumbatia sanduku kubwa kama mtu aliyebeba mbuzi. Ndani yake mlikuwa na mashine ya espresso, ile inayokamua kahawa nzito kwa presha. Baba yetu, guka wako, alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni, blanketi magotini. Alilitazama lile sanduku akatabasamu, na tabasamu lilikuwa limeadimika nyumbani mle.

Mwanangu, jana ulinitumia picha za mashine kama hiyo kwa simu, ukaniuliza ipi itaifaa nyumba yenu mpya ya Ngoingwa. Najua ulikuwa ukinitania. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Witeithie, mnywaji wa chai ya sufuria, na mkeo anajua kabisa kwamba siwezi kutofautisha kahawa ya mkahawa na maji ya kuoshea jembe. Lakini uliuliza, na aulizaye hujibiwa. Keti basi, jibu lenyewe si fupi.

Wakati huo nilikuwa kijana. Usicheke. Mvi zilikuwa zimeshaanza kuchungulia, lakini kwetu mtu hubaki kijana maadamu babake yungali hai. Babako akiwepo, kuna mtu wa kukwambia vaa sweta. Akiondoka, hata kama una wajukuu, siku hiyo ndiyo unayozeeka.

Guka wako alilima kahawa kule Theta maisha yake yote. Aliikata matawi, aliipulizia dawa, aliichuma ikiwa nyekundu, akaipeleka kiwandani kwa mgongo na baadaye kwa baiskeli. Hakuwahi kuinywa. Hakuna aliyemkataza. Kahawa ilikuwa kitu cha kupeleka kiwandani na chai ndiyo ilikuwa kitu cha kunywa, na hakuna nyumba kwetu iliyoona ajabu katika hilo. Tulikua tukidhani watu wa ng'ambo wanaipika kama maharagwe.

Kisha akaugua koo. Chakula kikaanza kumkwama, kwanza nyama, halafu ugali, halafu hata githeri iliyopondwa. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba njia ya chakula ilikuwa ikizibika, na kwamba itafika siku tutamlisha kwa mpira wa tumboni. Tukamhamishia kwa Njoroge, Ruiru, ili awe karibu na hospitali. Mama naye akaja, na mimi nikawa nikitoka shule napitia huko kumwogesha na kumpa uji.

Siku moja akaniita, "Maitu." Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mamake, na mpaka leo sijasikia mtu akiliita neno hilo kama yeye. Akasema, "Maitu, kabla hii koo ifungwe, nataka kuonja ile kitu nilikuwa nalima. Ile ya miti yetu. Mara moja tu."

Hilo ndilo alilotaka. Hakutaka nguo, hakutaka kupelekwa popote. Alitaka kikombe kimoja cha kahawa ya miti yake, koo likiwa bado wazi. Nilimwambia Njoroge, na Njoroge alikwenda jikoni akafungulia maji ya mfereji ili nisisikie analia.

Ningemlaumu mjomba wako kama angekuwa mvivu au bahili. Hakuwa. Tatizo ni kwamba alimheshimu baba kupita kiasi. Alisema mzee hawezi kupewa kahawa ya unga wa kopo baada ya kungoja maisha yake yote. Alisema atampa iliyo bora, ile inayonywewa na waliokuwa wakiinunua. Akachagua mashine pana, inayong'aa, yenye vitufe na saa ya presha, ikachukua nusu ya meza ya jikoni mpaka Mama akakosa pa kukatia sukuma wiki.

Hapo ndipo ngoja ngoja ilipoanza.

Kwanza alitumia kahawa iliyosagwa tayari. Ikatoka mbio kama maji ya mvua mtaroni, nyepesi, chachu. Akaimwaga kwenye sinki. Akagundua kwamba mashine hiyo haifanyi kitu bila kinu kizuri cha kusagia, na kinu hakikuja na sanduku. Akakitafuta. Kisha tukaenda Theta, tukachuma kwenye mibuni michache iliyobaki nyuma ya choo, kwa kuwa shamba lingine lilikuwa limeshageuka ploti. Tukakausha, tukatwanga maganda, akakaanga buni kwenye sufuria. Zikaungua nje na ndani zikabaki mbichi. Akamwaga. Akakaanga nyingine, akasoma mahali kwamba kahawa iliyotoka kukaangwa lazima ipumzike siku kadhaa kabla ya kutumika. Tukangoja ipumzike. Baba naye alikuwa amepumzika tu pale kwenye kiti, akinusa.

"Njoroge, iko tayari?"

"Bado baba. Hii imekuwa sour. Acha nibadilishe settings."

"Na hiyo umeshika?"

"Hii ni ya kumwaga, baba."

"Sasa si unipatie mimi nimwage." Alijigusa tumbo, akicheka kile kicheko chake kilichokuwa kimebaki pumzi tu.

"Zii, baba. Siwezi kukupa kitu mbaya. Wewe ngoja kidogo, utapata shot poa."

Nayo ikaenda kwenye sinki. Niliisikia ikishuka bombani, na baba pia aliisikia, kwa maana alikuwa ameketi karibu kuliko mimi.

Halafu maji. Yale maji ya kisima cha pale mtaani yana chumvi, unayajua, birika zote za Ruiru huota ganda jeupe ndani. Mashine ikaziba. Ikaanza kupumua kwa kelele bila kutoa kitu. Akaitisha fundi, fundi akaifungua, akaisafisha, akamwambia atumie maji ya kuchujwa. Siku iliyofuata stima ikapotea mtaa mzima. Mwanangu, wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nami huwa nasikia methali hiyo kwa namna yangu, maana wakati ule baba alikuwa ameshaanza kutema hata uji.

Mama alikuwa akijaribu. Aliingia jikoni akasema, "Njoroge, hiyo tia maziwa na sukari, nimpelekee. Baba yako hajui tofauti." Njoroge akamjibu kwa upole kwamba espresso haitiwi maziwa mara ya kwanza, kwamba yataficha ladha ya miti yake. Mama akatoka akifuta mikono kwa leso.

Hatimaye ikatoka. Asubuhi moja, nikiwa nimelala huko, kabla sijaenda shule, nilisikia Njoroge akipiga kelele jikoni. Nikakimbilia huko. Ilikuwa ikishuka polepole, nzito, rangi ya asali ya msituni, na nyumba nzima ikanukia kitu ambacho sikujua kilikuwa kimejificha ndani ya mibuni ile niliyoipalilia tangu utotoni. Hata mimi wa chai nilitamani. Njoroge akaiweka kwenye kikombe kidogo cheupe alichokinunua kwa kazi hiyo hiyo, akaibeba kwa mikono miwili mpaka kwa baba.

Baba akainusa kwanza. Akafumba macho. Mama akachukua kijiko, akamtilia tone mdomoni.

Halikushuka. Alijaribu, tukaona shingo yake ikijaribu, kisha akaanza kukohoa hadi akabadilika rangi, na tukamwinamisha akalitema kwenye taulo. Jana yake jioni alikuwa amemeza maji kwa shida, na sasa hata tone halikupita. Mjomba wako alisimama na kile kikombe. Hakujua pa kukiweka.

Baba alipopata pumzi, alijipangusa midomo. Ladha ilikuwa bado kwenye ulimi wake, nadhani, maana aliuzungusha ulimi mdomoni kama mtu anayetafuta jambo. Kisha akamtazama Njoroge, wala hakuwa na hasira yoyote. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

"Na zile zingine zilikuwa aje?"

Njoroge aliingia jikoni na Mama akamfuata, nami nikasimama mlangoni, na hapo ndipo niliposikia maneno ninayotaka uyasikie. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Njoroge, nikiolewa sikuwa najua kupika. Ugali yangu ya kwanza ilikuwa mbichi. Baba yako alikula yote, akaomba maji. Kesho yake ikaungua, akakula. Haiya! Kama ningengoja nijue kupika ndio nimpatie, si angekufa njaa? Wewe ungetoka wapi?"

"Mami, nilitaka apate kitu nzuri."

"Ulitaka apate nzuri. Yeye alikuwa anataka apate."

Wiki hiyo hiyo wakamtoboa tumbo, wakamwekea mpira. Hakuonja kitu tena kwa ulimi wake. Tulimzika Theta kabla ya mvua za vuli, na karibu na kaburi palikuwa na mibuni ile michache, imezaa, haijachumwa.

Mjomba wako bado anayo mashine. Watu hudhani aliitupa, lakini hakuitupa. Kila asubuhi anaiwasha, anasaga, anapika kahawa ambayo wanaoijua husema haina mfano mtaani kwake, anainywa amesimama dirishani, kisha anaosha kikombe. Hamkaribishi mtu. Nimeshakaa pale sebuleni asubuhi nzima bila kuulizwa kama nataka. Majuto ni mjukuu, lakini yake yamekuwa mtoto wa kuzaa, yanakaa naye nyumba moja.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Usichague mashine kwa kung'aa kwake. Chagua inayotosha kwenye meza yenu na imwachie mkeo pa kukatia mboga. Kabla ya kuinunua, nunua kinu, kwa sababu kahawa iliyosagwa vibaya haiokolewi na mashine yoyote. Usiitilie maji ya kisima. Tilia ya kuchujwa, la sivyo itaziba kama ile. Iache ipate moto vizuri ndipo uitumie, na bomba la mvuke ulifute kila unapomaliza, maziwa yakikaukia humo utanusa aibu. Na jifunze kwa subira, maana utaharibu nyingi, kila mtu huharibu.

Lakini ukiwa unajifunza, angalia ni nani ameketi karibu na mlango wa jikoni. Mtu akikuomba ile chachu, mpe chachu. Akitaka maziwa, mtilie maziwa, wenye kujua waseme watakavyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami naongeza, usambe ni ufundi. Usidhani heshima ni kumnyima mtu kitu mpaka kikamilike. Kuna watu ambao muda wao hauungoji mkono wako uzoee, na wengi wao hawatakwambia. Watauliza tu mara moja, mara mbili, kisha watanyamaza.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani, mimi ni mfupi siku hizi. Mungu aibariki nyumba yenu ya Ngoingwa na kila atakayeingia humo akiwa na kiu. Akupe mikono iliyo myepesi kutoa hata kabla haijajua kupika. Na siku utakapokamua kikombe chako cha kwanza, kikatoka kibaya, akujalie mtu wa kukuambia "lete hivyo hivyo," akinywe mpaka mwisho, nawe umwone akimeza.