Folda Moja, Milango Mitatu

Nirjala Bajracharya hapendi wateja, na hafichi. Katika studio ya picha anakofanya kazi, mjini Patan, kiti cha wageni amekijaza nyaya. Anayeingia husimama.

Kazi yake ni kutunza kompyuta kuu. Sherehe moja ya Wanewari, wenyeji wa mji huo, huwa ya nyumba nyingi, na kila nyumba hutaka folda yenye jina lake. Kunakili video ileile mara tatu kungejaza diski, kwa hiyo Nirjala huihifadhi mahali pamoja, kisha kwenye kila folda huweka kiungo tu. Ukikibofya unafika palepale wanapofika wenzako. Mteja haoni tofauti, na Nirjala haoni sababu ya kumweleza.

Ndivyo alivyowafanyia ndugu watatu wa ukoo wa Shakya. Walimfanyia baba yao janku, sherehe ya uzee, wakamkokota kwa kigari mtaani huku wajukuu wakimrushia maua. Mwezi uliofuata alifariki. Matanga hayajaisha, wanawe wakawa wanagombea nyumba.

Herakaji, mkubwa wao, alikuja studio asubuhi moja amevaa nyeupe ya msiba. Alitaka video ifutwe kwenye folda ya mdogo wake wa mwisho, Bekha. Alisema mtu aliyemburuta kaka yake mahakamani hana haki ya kumtazama baba akicheka.

Nirjala alimjibu kwamba anaweza kuondoa kiungo cha Bekha, lakini video yenyewe ni moja, haina ya huyu wala ya yule.

"Usinizungushe, dada," Herakaji alisema. "Bekha amekupa nini?"

"Hajanipa hata salamu. Nakwambia kilichomo humo ndicho kilichomo kwako."

"Kwangu kumeandikwa jina langu. Fungua ya kwake, nifute mwenyewe."

Nirjala alifungua. Herakaji akainama, akamnyang'anya kipanya, akaingia kupitia kiungo hadi pale video yenyewe ilipohifadhiwa, na kuchagua kila kitu kilichokuwa ndani.

"Kaka, hiyo ni ya kwako pia."

Herakaji alimjibu kwamba wanawake wanaoshinda na mashine huona kila mtu mjinga. Nirjala akaondoa mikono mezani. Kompyuta ikauliza kama ana hakika ya kufuta moja kwa moja. Herakaji akabofya ndiyo.

Kisha akatoa flashi mfukoni, akaagiza awekewe video yake. Nirjala akafungua folda yenye jina la Herakaji, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Hamkuwa na kitu. Akafungua ya ndugu wa kati. Nayo tupu.

Herakaji aliamuru irudishwe. Nirjala alisema studio haina nakala nyingine, na kadi za kamera zilishafutwa na kurekodiwa harusi ya watu wengine. Akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba Bekha alipita wiki iliyopita na flashi yake, akachukua video nzima.

"Kwa hiyo anayo yeye peke yake."

"Yeye peke yake."

"Mpigie."

"Ni mdogo wako. Mpigie wewe."

Herakaji alitoa simu yake, akapekua majina.

"Namba yake nilishaifuta," alisema, akatupa macho akitafuta pa kukaa.

Nirjala alimsomea namba hiyo kutoka daftari la wateja, polepole, tarakimu moja moja, na nyaya akaziacha kwenye kiti.