Gauni Lisilolegea

Mimi na wifi yangu hatuivi chungu kimoja, na hilo mtaa mzima unalijua. Yeye ana mdomo, mimi nina mdomo, na kaka yangu aliyemwoa amezeeka mapema kwa kukaa katikati yetu. Lakini kwa hili ninalolisimulia sina ugomvi naye. Namhurumia, basi.

Ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ni cha mbele, mlango wake unatazama barabara, na ukipita hapo utamkuta anakanyaga cherehani yake nyeusi, pini mdomoni, akigombana na mteja bila kudondosha hata pini moja. Kwenye meza ya kukatia kuna mkebe wa maziwa uliojaa vifungo. Binti yake alipokuwa anatambaa alichopoa kifungo humo, akakimeza. Tukakisubiri kitoke kwa njia wanayoijua wazazi wote, kikatoka, na tangu siku hiyo jina la mtoto likawa Kifungo. Ndiye mtoto wao pekee. Walimpata baada ya miaka ya kulia, nami nililia pamoja nao.

Sifa kubwa ya wifi ni akiba. "Nguo ya mtoto ni ya kuachiwa akiba," husema. Maana yake, ndani ya mishono ya ubavuni na kwenye pindo hukunja kitambaa cha ziada, ili mtoto akikua, mshono ufumuliwe na gauni lipanuliwe. Na huwezi kumdanganya kwa mwili wako. Mama mmoja alibana tumbo wakati wa kupimwa, wifi akamchapa kwa tepu begani: "Mficha maradhi kifo humuumbua, mficha tumbo zipu humuumbua. Pumua!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha akafa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alikuwa mrefu, mwembamba tangu utotoni. Mwaka ule alianza kuleta suruali zake kwa dada yake zipunguzwe kiuno. Wifi akapunguza, akamtania kwamba mkewe anamnyima chakula. Akazileta tena. Akazipunguza tena. Huku jamaa anakunywa maji kama mchanga, na sisi tunasema ni jua la kule juu ya ngazi. Sukari? Sukari si ugonjwa wa wanene? Alipoanguka tukampeleka hospitali akiwa hoi. Muuguzi akamdunga sindano, na kabla jua halijatua alikuwa amekata roho.

Daktari alieleza kwamba alifikishwa akiwa amechelewa mno. Wifi hakusikia. "Mdogo wangu alikuwa anaongea nami," alisema msibani. "Sindano ndiyo iliyommaliza." Alilisema jikoni, akalisema kwenye cherehani, akawaambia wateja na tepu shingoni mwao. Nani atabishana na mfiwa? Kifungo, sasa mtoto wa shule, alikuwa akikaa pale sakafuni akiokota pini kwa sumaku, kimya, masikio wazi.

Daktari yule, mwanamke mpole asiyecheka ovyo, alikuwa akifuatilia ugonjwa wa sukari unavyorithiwa katika familia. Akaomba damu ya ndugu wa marehemu, wifi na Kifungo wakatoa matone ya kidoleni. Majibu yalipotoka tukaitwa. Kifungo tulimwacha nje kwenye benchi, mama yake hakutaka aogopeshwe. Laiti angeingia.

"Mtoto amerithi vinasaba vya kinga ya mwili vinavyofanana na vya mjomba wake," daktari akasema. "Kinga ni walinzi wa mwili. Kwa baadhi ya watu walinzi hao hupotoka. Wanaligeukia kongosho, linalotengeneza insulini, na kulibomoa kidogo kidogo. Bila insulini, sukari inajaa kwenye damu na mwili unakufa njaa."

Kaka yangu ni mlinzi wa ghala, akashindwa kujizuia. "Daktari, mlinzi akimpiga mwenye mali si anafukuzwa kazi?"

"Huyu hafukuziki, baba," daktari akajibu. Kaka akaacha kutabasamu.

Daktari akaendelea. Lehemu ya mtoto, yaani mafuta ya kwenye damu, nayo ilikuwa juu kidogo, ingawa mtoto mwenyewe ni mwembamba. Wataalamu wanaona kwamba mafuta hayo na vile vinasaba vinahusiana na hatari ya kisukari, ila vinahusianaje hasa, bado wanachunguza. "Kupunguza mafuta ni vizuri. Lakini msidhani mkiziba hapo mmemaliza. Kuwa na vinasaba hivi si kuugua, wengi wanavyo na hawaugui maisha yao yote. Ila mkiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda, mleteni siku hiyo hiyo. Akiwahishwa, sindano ndiyo itakayomweka hai."

Unajua, mtu husikia analolijua. Vinasaba hatuvioni, walinzi wa ndani hatuwaoni, lakini mafuta yapo jikoni kwenye chupa. Basi mafuta yakafukuzwa nyumba ile kama mwizi. Kila kitu kikawa cha kuchemsha. Kaka akalalamika kwamba nyumbani kwake hata koroboi ingezimika kwa kukosa mafuta. Wifi hakucheka. Alichemsha kwa hasira, akapakua kwa hasira, na kila sahani iliyotoka bila kung'aa ilimpa usingizi.

Kuhusu kukonda alikuwa na ulinzi wake. "Mimi ni fundi," aliniambia. "Mtoto akipungua hata unywele, gauni litaniambia kabla ya daktari." Tepu hakutaka kumpima nayo, eti mtoto atashtuka. Kwa hiyo kila Jumapili, Kifungo akishamaliza kujipigia pasi gauni la sare ya shule, wifi alimvalisha, akamgeuza huku na huku, akavuta kitambaa kiunoni kwa vidole viwili. "Limekaa," anasema, na nyumba nzima inapumua.

Likakaa muhula mzima. Jamani, lile gauni lilikaa! Mimi nilimtazama yule mtoto usoni nikaona macho yamekuwa makubwa. Alikuja kwangu akainua jagi la maji la mezani, akalinywa lote wima, akaomba jingine. Nikamfuata wifi mbio.

"Wifi, mbona Kifungo mashavu yamekwisha? Na maji yale?"

"Anakua. Na hivi sasa ni joto, au kwako hakuna joto?" Akamwita mtoto, akamvuta gauni kiunoni mbele yangu. Kitambaa kilimkumbatia sawasawa. "Haya, tazama mwenyewe. Watu wana maneno, nguo haisemi uongo." Kifungo alisimama mikono imekakamaa, anaangalia ukuta. Nikanywea, nikaenda zangu, ila moyo haukutulia.

Muhula mpya ulipokaribia, pindo likawa limepanda magotini, maana urefu ulikuwa ukiongezeka. Nilikuwa pale, nimepeleka sketi yangu. Wifi akalichukua lile gauni alitoe akiba, akalipindua nje ndani, akaanza kuteremsha pindo huku ananisema kwa unene wangu. Ghafla akanyamaza katikati ya tusi. Hilo peke yake lilinitia baridi.

"Wifi," akasema. "Njoo uone."

Alikuwa ameshika mshono wa ubavuni. Yeye huacha akiba ya upana wa kidole kimoja. Pale palikuwa na mkunjo wa vidole vitatu, umelazwa vizuri, umepigwa pasi. Akafumua. Ndani yake kulikuwa na mshono mwingine. Akafumua na ule, ukatokea mwingine tena, na chini kabisa ndipo ulipokuwa wa kwake. Mishono ile mipya ilikuwa imefungwa mwishoni kwa vifundo vidogo. Wifi hafungi vifundo, yeye hurudisha cherehani nyuma kidogo kuufunga mshono. Katika nyumba ile aliyefunga vifundo ni mmoja tu, yule aliyejifunza juu ya cherehani hiyo hiyo, mama yake akienda kununua nyuzi.

Wifi akalitandaza gauni mezani kwa upana wake wa kweli, akaweka kiganja kwenye nafasi iliyokuwa imefichwa. Mtoto mzima alikuwa amepungua pale.

"Kifungo!" akaita. "Kifungo, wewe!"

Tukamkuta chumba cha ndani, kitandani, mchana kweupe. Alikuwa ametapika. Alipumua kwa nguvu na haraka, kama aliyekimbizwa, na pumzi yake ilinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Wifi akamnyanyua peke yake. Mtoto wa umri ule, akamnyanyua kama nguo iliyoanuliwa kambani. Akatoka naye barabarani pini zikiwa bado mdomoni, anapiga kelele kwa meno yaliyoumana, gari la kwanza likasimama.

Daktari yule yule alitupokea. Hakutugombeza, na heri angetugombeza. Wakamtundikia dripu, wakatia na insulini humo humo kwenye mrija, wakatuambia tungoje, sukari ni ya kutisha na hawawezi kuahidi kitu. Kaka akaja na sare yake ya ulinzi, akasimama ukutani na rungu lake, hajui ampige nani nalo.

Kesho yake Kifungo alifumbua macho. Midomo imepasuka, sauti haitoki vizuri. Wifi akamwinamia. "Mwanangu, kwa nini? Kwa nini ulinificha?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua kuliko yeye.

"Si ulisema sindano ndiyo iliyommaliza mjomba? Gauni likilegea, si mngenileta kudungwa?"

Ndipo muuguzi akaingia na kisahani chake, akasema sasa dripu inaondolewa, kuanzia leo ni sindano, na zitakuwa za kila siku. Kifungo akaiona sindano, kisha akamtazama mama yake. Wifi alikuwa akidondokwa na machozi kidevuni, lakini akaushika ule mkono mwembamba, akaugeuza na kuunyoosha.

"Mdunge," akasema.

Kifungo hakupiga kelele wala hakujivuta. Akageuza uso upande wangu, kwa adabu, kama alivyofundishwa kufanya mtu anapoondoka.

"Kwaheri, shangazi," akaniambia, akafumba macho.