Rangi za Chekechea

Bado nina hasira, na wa kufokewa ni mimi mwenyewe! Dukani kwangu Masasi, Mama Zuhura wa Chiwata alikuwa anasubiri video ya harusi ya bintiye, iliyokuwa kwenye diski ya nje niliyoichomeka kwenye kompyuta ya mteja mwingine. Kwanza nilitaka kuigawa mafungu diski ya kompyuta hiyo, niweke mfumo wa Linux. Hadija, fundi mwenzangu, akanishauri nitumie programu inayochora diski kwa rangi: penye mafaili pana rangi, patupu hapana.

“Rangi ni za chekechea!” nikafoka. “Fundi anaandika amri!”

Nikaandika amri na jina la diski, nikabonyeza kwa mbwembwe. Diski ya mteja haikugawanyika. Nikaitukana, nikamtukana na aliyeiuza.

Hadija akafungua programu yake, yakatokea maboksi mawili.

“Hili la mteja, hili la diski ya harusi.”

Mama Zuhura akachungulia.

“Baba Asha, mbona la mwanangu halina rangi?”