Maunti Ngumu

Fundi wangu hapa Lurambi amefungua maunti mpya, raba zinazobeba injini, na harufu yake imenirudisha uani kwetu. Baba alikuwa akibadilishiwa injini ya pikapu. Fundi wake alimwekea mbele maunti laini na ngumu.

"Mzee, hizi ngumu zitatingisha gari lote."

Baba akachukua laini. Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Baba watoto, weka ngumu. Vikombe vikianza kulia kwa kabati, najuanga umefika darajani, naweka maji ya obusuma, ukute ugali moto."

Baba akacheka, akazirudisha zile laini.

Sasa fundi ananiuliza nataka zipi.

"Laini," namjibu.

Siku hizi maji ya ugali nabandika mwenyewe, nikishafika.